Mwongozo kamili wa kuwa mwanahistoria wa vifaa vya upasuaji

Wapo watu ambao kazi yao ya kila siku chuoni ni kuchunguza visu, misumeno, makoleo na sindano ambazo hakuna daktari atakayezitumia tena. Wanafundisha, wanaandika vitabu, wanaandaa maonyesho, na mara kwa mara wanapigiwa simu na wapasuaji wenyewe wanaotaka kujua chombo fulani kilitoka wapi. Ni tawi dogo la historia ya tiba, na njia ya kuliingia haijanyooka. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuifanya kazi hiyo kuwa ajira: mwanafunzi wa historia, muuguzi au daktari aliyechoka na zamu lakini bado anaipenda fani yake, au mfanyakazi wa makumbusho anayelenga shahada ya uzamivu.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo moja linaloongoza ushauri wote ulio hapa chini. Vifaa vilivyotufikia haviwakilishi sawasawa vile vilivyotumika. Seti ya kukatia viungo iliyolala ndani ya sanduku la mbao lenye mahameli huenda ilikuwa zawadi au fahari ya ofisini, na imesalimika kwa sababu haikufanya kazi nyingi. Kisu kilichofanya kazi kilinolewa mpaka kikaisha, kisha kikatupwa au kikayeyushwa. Anayesahau hilo huishia kuandika historia ya masanduku ya watu wenye fedha. Anayelikumbuka hujifunza kuuliza ni nini hakipo rafuni, na kwa nini hakipo.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Milango mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni shahada ya historia, inayokufundisha kuihoji nyaraka, kupima ushahidi na kuandika hoja ndefu bila kupotea. Kasoro yake ni kwamba mwili wa binadamu unabaki kuwa neno tu. Wa pili ni udaktari, uuguzi au uhandisi wa vifaa tiba. Aliyepitia huko anajua damu inatoka wapi na mkono unachoka wakati gani, lakini mara nyingi anaiona historia kama ngazi ya maendeleo: jana walikuwa wajinga, leo sisi ni werevu. Idara za historia huinusa harufu hiyo kwenye aya ya kwanza ya maombi.

Kwa hiyo, kama wewe ni daktari, usirukie uzamivu. Fanya uzamili kamili wa historia ya tiba au historia ya sayansi na teknolojia, ukae darasani na wanahistoria wabishi. Kama wewe ni mwanahistoria, tafuta kozi ya anatomia, hata ya muda mfupi, kisha usome vitabu vya kufundishia wauguzi wa chumba cha upasuaji. Hivyo ni bora kuliko vitabu vya wapasuaji kwa kazi yetu. Mpasuaji huandika kuhusu ugonjwa na mbinu, lakini muuguzi wa thieta huandika chombo kinakabidhiwaje, kinahesabiwa lini, kinaoshwa na nani, na kinaharibika wapi.

Kuna mlango wa tatu ambao wengi hawaufikirii, nao ni karakana. Wiki chache na mfua vyuma zitakuonyesha tofauti ya chuma kilichofuliwa na kilichomiminwa kwenye kalibu, alama za tupa, na rangi ambazo chuma cha pua hupitia kinapopashwa moto ili kipate ugumu unaofaa. Elimu hiyo haimo kwenye maktaba, na itakutofautisha na waombaji wengine wote.

Hatua ya 2: Lugha

Kiingereza pekee hakitoshi, labda uwe umeamua kubaki Uingereza au Marekani ya karne ya 19 na 20. Kifaransa kinafungua Paris, kitovu cha upasuaji na cha utengenezaji wa vifaa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Joseph-Frédéric-Benoît Charrière, mzaliwa wa Uswisi, alijenga karakana yake huko, na kipimo chake cha unene wa mipira ya mkojo bado kinatumika wodini: namba moja ni theluthi moja ya milimita. Kijerumani kinafungua Tuttlingen, mji ambao mpaka leo unaishi kwa vifaa vya upasuaji. Kiarabu na Kilatini vinahitajika kwa anayekwenda nyuma zaidi, kwa al-Zahrawi wa Cordoba kwa mfano, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11. Kitabu chake cha tiba kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, imejaa michoro ya vyombo. Tafsiri ya Kilatini ilitoka mikononi mwa Gerardo wa Cremona huko Toledo katika karne ya 12. Hapo papo hapo kuna somo la kitaaluma: michoro hiyo ilinakiliwa na waandishi wengi ambao hawakuwahi kushika kisu cha mpasuaji, na kila nakala ikabadilika kidogo. Usijenge hoja juu ya umbo la chombo kutoka nakala moja.

Chagua lugha moja ya ziada uijue vizuri kuliko tatu za kubabaisha.

Hatua ya 3: Jifunze kukisoma kifaa chenyewe

Hapa ndipo mafunzo hasa yalipo, na ndipo wengi hupita haraka kwa sababu vyuo vingi hufundisha kwa vitabu tu.

Tuchukue koleo la kubana mishipa ya damu, kitu cha kawaida kabisa. Lisogeze kibandiko pembeni kwanza, usisome. Pima urefu na uzito. Lichore kwa penseli, hata kama mkono wako ni mzito, maana kuchora kunakulazimisha kuona kile ambacho kamera inakuruhusu kuruka. Sasa anza na maungio. Je, nusu mbili zimeunganishwa kwa skrubu, kwa pini, au nusu moja imepita ndani ya tundu la mwenzake? Au zinachomoka kabisa? Zikichomoka, tazama kwa kioo cha kukuzia upande wa ndani: mara nyingi utakuta namba ndogo iliyogongwa kwenye kila nusu, ileile pande zote mbili. Fundi aliigonga hivyo kwa sababu kila nusu ilisawazishwa kwa tupa ifae mwenzake tu, na baada ya kuchemsha makoleo 20 kwenye sufuria moja, mtu fulani alipaswa kuzirudisha nusu kwa wenzake. Namba hiyo ndogo inakueleza habari za mtu huyo. Jina lake halikuandikwa popote, ila kazi yake imegongwa kwenye chuma.

Endelea na meno ya kufungia, mifereji ya kwenye midomo, pete za vidole. Pete zimelika upande mmoja? Mpako wa nikeli umebanduka wapi? Ukibanduka karibu na maungio, maji yalikuwa yakikaa pale. Makali yamenolewa mara ngapi? Kisu kilichonolewa sana hupungua upana, na mchoro wa mtengenezaji kwenye katalogi utakuonyesha kilianza na upana gani.

Baada ya hapo ndipo unatafuta tarehe, na tarehe inatoka kwenye mambo matatu: malighafi, alama na jina.

Malighafi ina hadithi yake. Vipini vya mpingo na pembe za ndovu, vyenye michirizi ya kupishana ili visiteleze mkononi, vilitawala mpaka robo ya mwisho ya karne ya 19. Joseph Lister alipochapisha kazi yake ya asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu, mwaka 1867, vipini hivyo vilikuwa bado vinavumilika, kwa sababu dawa ya kimiminika haikuvivunja. Mvuke ulipoanza kutumika kutakasa vifaa katika miaka ya 1880, hasa Ujerumani, mbao zilipasuka na gundi ikaachia. Vyombo vya chuma kitupu, vilivyopakwa nikeli, vikachukua nafasi. Kisha Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, akapata chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, na kati ya vita viwili vya dunia nikeli ikaanza kurudi nyuma. Kwa hiyo chombo kilichogongwa neno la Kiingereza lenye maana ya chuma kisichoshika kutu hakiwezi kuwa cha vita vya Crimea vya miaka ya 1850, hata muuzaji wa mnadani akiapa.

Alama za sheria zinasaidia zaidi. Hataza (hati za kulinda uvumbuzi) za Marekani zilianza kuhesabiwa upya kutoka namba moja mwaka 1836, hivyo namba ya hataza inakupa mwaka karibu kamili. Alama ya almasi ya usajili wa miundo Uingereza ni ya kuanzia 1842 hadi 1883. Herufi D.R.P. ni hataza ya Ujerumani, kuanzia 1877, na D.R.G.M. ni ulinzi wa muundo mdogo, kuanzia 1891. Jina la nchi ya asili kwenye chombo kilichouzwa Marekani kwa kawaida linaashiria baada ya sheria ya ushuru ya McKinley ya 1890, ambayo iliwalazimisha waagizaji kuonyesha bidhaa imetoka wapi.

Jina lenyewe ndilo linalodanganya kuliko yote. Jina lililogongwa kwenye kisu mara nyingi ni la duka lililokiuza. Chombo kinaweza kufuliwa Sheffield, kung'arishwa mahali pengine, na kubeba jina la muuzaji wa London. Majina ya kampuni nayo hubadilika kila mwana anapoingia au mshirika anapotoka, na anwani za maduka huhama. Tumia mabadiliko hayo: vitabu vya anwani za biashara vya kila mwaka vitakuonyesha jina hilo lilikuwa kwenye mtaa huo kati ya mwaka upi na upi.

Fanya zoezi hili kwa vifaa vya aina moja, tena vingi, kabla ya kuhamia aina nyingine. Mtu aliyeshika makoleo 200 ya kubana mishipa anajua mambo ambayo aliyeshika kila aina mojamoja hatayajua kamwe.

Hatua ya 4: Tafuta swali linalozidi kifaa

Kujua sana kuhusu makoleo hakukupi ajira. Swali ndilo linalokupa. Na swali baya kuliko yote, ambalo kila anayeanza hulishika kwanza, ni nani alikuwa wa kwanza.

Tazama kilichotokea kwenye upasuaji wa kibofu cha nyongo kwa kamera. Kwa muda heshima ilikwenda kwa Philippe Mouret wa Lyon, aliyeufanya mwaka 1987. Lakini Erich Mühe alikuwa ameufanya Böblingen, Ujerumani, tarehe 12 Septemba 1985, kwa chombo alichokibuni mwenyewe, na alipouwasilisha kwa wapasuaji wenzake nchini mwake mwaka uliofuata alipokewa kwa mashaka. Heshima yake ilikuja miaka kadhaa baadaye. Ukiuliza nani wa kwanza, umemaliza kwa sentensi mbili. Ukiuliza kwa nini wataalamu wa upasuaji walikataa kuona kilichowekwa mbele yao, na kwa nini miaka michache baadaye wagonjwa wenyewe walikuwa wakiudai upasuaji huohuo, una tasnifu nzima: biashara ya kamera, vyombo vya habari, malipo ya hospitali, mafunzo ya mikono iliyozoea kugusa nyama na sasa inatazama skrini.

Au glavu za mpira. Simulizi ya kawaida huziweka kwenye sura ya vita dhidi ya vijidudu. Lakini William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins alipoiagiza kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba, karibu mwaka 1889, shida ilikuwa mikono ya muuguzi wake wa thieta, Caroline Hampton, iliyokuwa ikichubuliwa na dawa ya zebaki ya kunawia. Glavu zilianza kama kinga ya mfanyakazi. Kuanzia hapo unaweza kuandika historia ya afya kazini ndani ya thieta, jambo ambalo wanahistoria wa vyombo wamelipitia juujuu.

Siri za biashara nazo ni ghala la maswali. Familia ya Chamberlen, wakunga wanaume wa London, iliyaficha makoleo yake ya kuzalishia kwa zaidi ya vizazi viwili. Vyombo vya familia hiyo viligunduliwa mwaka 1813 chini ya sakafu ya nyumba ya Woodham Mortimer Hall, Essex. Hapo mtu anaweza kuuliza habari za hataza, za maadili, za wanawake waliozalishwa bila kujua wanazalishwa kwa chombo gani.

Na lipo swali la ushahidi wa macho ya mgeni. Robert Felkin, mmishenari wa tiba, aliandika mwaka 1884 katika jarida la udaktari la Edinburgh kwamba mwaka 1879 alimshuhudia mganga wa Bunyoro, mahali alipopaita Kahura, akimpasua mama na kumtoa mtoto, mama akiwa amepewa pombe ya ndizi, jeraha likifungwa kwa misumari ya chuma na uzi wa gome la mti. Maandishi hayo yananukuliwa kila mahali. Wachache wanakaa na maswali magumu: yule aliyefua misumari ile alikuwa mfua vyuma gani, kisu kile kilikuwa na kazi nyingine ipi, mganga alijifunza kwa nani, na tunafanya nini na tukio ambalo shahidi wake anayenukuliwa ni mmoja tu. Mtu mwenye lugha za eneo husika na uzoefu wa vyuma anaweza kulisogeza suala hilo kuliko maktaba zote za Ulaya.

Kipimo changu cha swali zuri ni hiki: mweleze mtu asiyejali visu hata kidogo. Akikuuliza swali la pili, endelea nalo.

Hatua ya 5: Fuata karatasi

Kifaa bila karatasi ni nusu ya ushahidi. Anza na katalogi za watengenezaji, kama ile kubwa ya George Tiemann wa New York ya 1889, ambazo nyingi zimeshapigwa picha na kuwekwa bure kwenye intaneti. Internet Archive, Gallica ya Ufaransa, HathiTrust na mkusanyo wa kidijitali wa Wellcome vitakutosha kwa miezi mingi. Hataza ziko kwenye Espacenet na Google Patents. Kumbuka tu kwamba katalogi inaonyesha kilichouzwa kwa matumaini. Haisemi kilichonunuliwa.

Kwa kilichonunuliwa, nenda kwenye leja za hospitali. Ni nyaraka zinazochosha na ndiyo maana zina dhahabu. Humo utakuta bili za kunoa, ambazo kwa maoni yangu ni chanzo kinachodharauliwa kuliko vyote: hospitali inayolipia kunolewa kwa visu kila wiki inakueleza vilitumika kiasi gani, jambo ambalo sanduku la mahameli haliwezi kukueleza. Ongeza mihtasari ya vikao vya bodi, hasa pale wapasuaji wanapogombea fedha, na daftari za thieta, na picha. Kwenye picha usimtazame profesa aliyesimama katikati. Tazama meza ya pembeni.

Hatua ya 6: Ingia makumbusho ipasavyo

Vifaa vingi havipo kwenye kabati la kioo. Viko ghalani. Science Museum ya London inashikilia kwa mkopo, tangu miaka ya 1970, sehemu kubwa ya mkusanyo wa Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyefariki mwaka 1936 baada ya kununua vitu zaidi ya milioni moja vya kila aina. Makumbusho ya Josephinum ya Vienna, Boerhaave ya Leiden, Dittrick ya Cleveland, ile ya historia ya tiba mjini Paris, Surgeons' Hall ya Edinburgh: zote zina akiba ya kumaliza maisha. Hunterian ya London pia, ingawa mabomu ya mwaka 1941 yaliharibu sehemu kubwa ya mkusanyo wake, na hilo nalo ni somo la kile kisichokuwapo. Kwa ulimwengu wa Kirumi, vyombo vya Pompeii, vilivyofunikwa na majivu mwaka 79, viko makumbusho ya akiolojia ya Naples.

Andika barua pepe mapema, miezi miwili au mitatu kabla. Usiseme unataka kuona vifaa vya upasuaji. Taja namba za usajili za vitu unavyovitaka, ulizozitoa kwenye orodha yao ya mtandaoni, sema utapima na kupiga picha, na uliza kama kuna mafaili ya upokeaji wa vitu hivyo. Mafaili hayo ndiyo yatakayokuambia nani alitoa, lini, na kama hadithi iliyoandikwa kwenye kibandiko ilitoka kwa mjukuu mwenye mapenzi na babu yake. Ukigundua kosa kwenye kumbukumbu zao, waandikie kwa adabu na ushahidi. Watunza makusanyo hawamsahau mtafiti aliyewarudishia kitu.

Usalama usiuchukulie kirahisi. Visu vya mwaka 1850 bado vinakata. Makusanyo ya tiba yana zebaki, asbesto, radiamu yenye mionzi, dawa za zamani kwenye chupa zilizopasuka, na mabaki ya mwili wa binadamu ambayo yana sheria na heshima zake. Vaa glavu unazopewa, usifungue chupa, usinuse chochote. Na ukinunua chombo chenye kipini cha pembe za ndovu, usivuke nacho mpaka bila kibali: mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, unatumika tangu 1975, na afisa wa forodha hatajali tasnifu yako.

Hatua ya 7: Zungumza na walio hai

Anayechunguza miaka baada ya 1950 ana bahati ya mashahidi. Kosa ni kuwahoji wapasuaji peke yao. Nenda kwa wauguzi wa thieta wastaafu, kwa wahudumu wa chumba cha kutakasia vifaa, kwa mafundi waliotengeneza mashine, kwa wauzaji waliozunguka hospitalini na begi la sampuli. Pata kwanza idhini ya kamati ya maadili ya chuo, na ridhaa ya maandishi ya kila msailiwa, maana habari za wagonjwa zitajitokeza tu.

Mbinu moja inashinda orodha yoyote ya maswali: mpe mkononi chombo chenyewe. Muuguzi mstaafu aliyekuwa akijibu kwa neno moja moja ataligeuza koleo, atalifunga kwa kidole gumba, kisha atakuonyesha namna alivyokuwa akilikabidhi, pete zikitangulia, kwa mlio mdogo kwenye kiganja cha glavu. Washa kamera ya video kabla hujampa. Sauti pekee itapoteza nusu ya ushahidi.

Hatua ya 8: Uzamivu, yaani msimamizi na fedha

Tafuta msimamizi kabla ya chuo. Soma makala zake za karibuni, ukaone kama anafanya kazi na vitu au anavitaja tu. Mwandikie aya tatu: swali, vyanzo unavyojua vipo, na kwa nini yeye. Waulize wanafunzi wake wa sasa anarudisha sura baada ya muda gani. Jibu lao ni muhimu kuliko cheo chake.

Pendekezo lako liwe na mkusanyo wa vifaa uliokwisha kuuona angalau mara moja, na mpango mbadala endapo ghala litafungwa kwa ukarabati, jambo linalotokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Uingereza uzamivu huchukua miaka 3 hadi 4. Marekani ni 5 au zaidi, kwa sababu ya kozi na mitihani ya mwanzo, ila vyuo vingi huko hutoa posho kwa kazi ya kufundisha. Usianze bila fedha iliyothibitishwa kwa maandishi. Ufadhili wa uzamivu unaoendeshwa kwa ubia kati ya chuo na makumbusho ndio bora kwa tawi hili, kwani unapata msimamizi upande wa vitu pia, na ukimaliza una mguu kwenye ajira mbili. Kwa safari fupi za utafiti, angalia ruzuku za maktaba na makumbusho zenyewe, kama zile za College of Physicians of Philadelphia au Smithsonian.

Hatua ya 9: Kuchapisha na kujulikana

Jiunge na vyama viwili, kimoja cha tiba na kimoja cha teknolojia. Upande wa tiba kuna American Association for the History of Medicine, kilichoanzishwa 1925, na Society for the Social History of Medicine cha Uingereza, cha 1970. Upande wa teknolojia kuna Society for the History of Technology, cha 1958. Ada za wanafunzi huwa nafuu. Vyama vya tiba hutoa tuzo za insha: medali ya Osler ni ya wanafunzi wa udaktari na ya Shryock ni ya wanafunzi wa shahada za juu wa fani nyingine. Ukipata mojawapo, wasifu wako unabadilika.

Makala ya kwanza ipeleke pale wasomaji wake walipo. Bulletin of the History of Medicine na Social History of Medicine wanataka tiba iwe katikati. Technology and Culture wanataka ueleze teknolojia inavyofanya kazi na inavyobadilisha jamii. Makala ileile haiwezi kwenda kote bila kuandikwa upya. Mhakiki akikwambia umeandika maelezo ya katalogi, mara nyingi yuko sahihi: chukua kifaa kimoja, kipe kurasa tatu, vingine viondoe.

Picha zina gharama. Haki za kuchapisha picha moja kutoka makumbusho zinaweza kukuumiza mfukoni, kwa hiyo uliza mapema ni zipi ziko chini ya leseni huria, na michoro yako ya penseli iweke vizuri. Mingi itafaa kitabuni, bure.

Hatua ya 10: Kazi yenyewe

Nafasi zenye jina kamili la historia ya vifaa vya upasuaji ni chache sana duniani. Utaajiriwa kama mwanahistoria wa tiba, wa sayansi, wa teknolojia au wa kipindi fulani, ndipo vyombo vyako vije navyo. Kwa hiyo tasnifu yako lazima ikuwezeshe kufundisha somo pana la mwaka wa kwanza. Tayarisha muhtasari wa masomo mawili kabla ya kuitwa kwenye usaili: moja la jumla, kama historia ya hospitali, na moja la vitu, ambapo kila wiki wanafunzi wanakutana na kifaa kimoja. Paneli za usaili hupenda la pili, lakini huajiri kwa sababu ya la kwanza.

Vitivo vya udaktari navyo huajiri wanahistoria, kwa masomo ya maadili na ubinadamu wa tiba. Mshahara kwa kawaida ni mzuri kuliko wa idara ya historia, na uhuru ni mdogo kidogo. Makumbusho yanataka zaidi ya tasnifu: uzoefu wa kuandika kumbukumbu za vitu, kuandika kibandiko cha maneno 60 kinachoeleweka na mtoto, kusimamia bajeti. Jitolee ghalani wakati bado unasoma. Kampuni za vifaa tiba zenye historia ndefu nazo huwa na hifadhi za nyaraka, na hukodi wanahistoria kwa maadhimisho. Chukua kazi hizo ukipenda, ila mkataba useme wazi kwamba nakala za nyaraka utakazoziona unaweza kuzitumia kwenye utafiti wako, na kwamba kampuni haina kura juu ya hitimisho lako. Wakikataa kipengele cha pili, ongeza bei au ondoka.

Kati ya uzamivu na ajira ya kudumu huwa kuna miaka ya mikataba mifupi, na wengi huachia hapo. Wanaovuka mara nyingi wamepanga mambo mawili mapema: kitabu kutokana na tasnifu, kikiwa na sura mpya angalau moja na mapitio ya maandiko yamepunguzwa hadi kurasa chache, na mradi wa pili ulio tofauti vya kutosha. Ukiandika tasnifu kuhusu makoleo, mradi wa pili usiwe misumeno. Uwe chumba cha kutakasia, au soko la vyombo vilivyotumika, au wauguzi waliovihesabu kabla jeraha halijafungwa.